Miaka ya Kibandani: Kazi ya Mtangazaji wa Michezo kwenye Televisheni

Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza kwa redio mechi ya Arsenal na Sheffield United, jarida la ratiba lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa kwa miraba yenye namba. Mtangazaji alisimulia mchezo, na mwenzake pembeni akawa anataja namba ya mraba ulipo mpira. Msikilizaji alikuwa haoni kitu, kwa hiyo ilibidi achorewe kila kitu kwa maneno.

Televisheni ilifuta hitaji hilo, lakini tabia haikufutika. Hadi leo mtangazaji anayetoka redioni huendelea kusema kinachoonekana: "Anapiga pasi, anapokea, anarudisha nyuma." Mtazamaji ameyaona yote hayo kabla sentensi haijaisha. Asichokijua ni jina la aliyepiga, kwa nini beki wa kushoto amesimama katikati, filimbi imelia kwa kosa gani, na kwa nini kocha amewapasha moto wachezaji wawili dakika ya ishirini. Hiyo ndiyo kazi. Anayehama kutoka redio apunguze maneno yake kwa nusu, kisha asikilize rekodi yake, na mara nyingi atagundua bado yamezidi.

Maandalizi huanza siku tatu au nne kabla ya mechi. Tazama mechi mbili za mwisho za kila timu kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Usitegemee muhtasari wa mabao. Muhtasari hukuonyesha mashuti. Haukuonyeshi nani hupiga kona za upande wa kulia, nani huanzisha mpira kutoka nyuma, na winga yupi hubadilishana upande na mwenzake. Mambo hayo ndiyo hujaza dakika sabini ambazo hakuna bao wala kadi.

Baada ya hapo andika karatasi ya mechi. Wengi hutumia kipande cha kadi ngumu chenye ukubwa wa A3, timu moja kila upande, wachezaji wakipangwa kama watakavyosimama uwanjani ili jicho lizoee mahali pa kutafuta. Kila mchezaji ana kisanduku chake chenye namba, jina, umri, mabao ya msimu, na mambo mawili au matatu kwa maneno machache: "Alikuwa huku hadi Jan." au "Penalti 5, kakosa 1." Usiandike sentensi kamili. Ukiandika sentensi utaisoma, na ukisoma sauti itabadilika, mtazamaji atajua umeinamisha kichwa. Rangi husaidia sana. John Motson wa BBC alijulikana kwa kadi zake zilizojaa maandishi ya kalamu za rangi. Chagua rangi moja ya mabao, moja ya kadi, moja ya majeruhi, na usiibadilishe msimu mzima. Kwenye uwanja usio na paa imara, penseli ina faida kuliko kalamu ya wino kwa sababu mvua haiifuti. Chukua vibanio viwili vya karatasi kwa ajili ya upepo.

Sehemu kubwa ya karatasi hiyo haitatamkwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Watangazaji wengi wachanga huharibikiwa hapa: wakishatafuta takwimu kwa saa nne, wanaona hasara kuziacha, wanazimwaga zote kabla ya mapumziko. Takwimu hutamkwa pale tu picha inapoihitaji. Mshambuliaji ambaye hajafunga mechi saba, mtaje ukame wake anapokosa au anapofunga, siyo mpira ukiwa umetoka nje upande wa pili.

Majina yanataka kazi ya peke yake. Muulize afisa habari wa timu, na ikiwezekana mchezaji mwenyewe, jina linatamkwaje, kisha liandike kama masikio yalivyosikia. Szczęsny iandikwe "Shchensni", Xhaka iandikwe "Jaka". Andika kwa silabi juu ya jina halisi, ulisome kwa sauti mara kadhaa nyumbani, kisha ulisome ndani ya sentensi, kwa sababu jina likiwa peke yake hutamkika vizuri, na likiingia katikati ya mbio ulimi hukwama.

Kumtambua mchezaji ni jambo jingine. Namba ya jezi huonekana akiwa amekupa mgongo tu, na mechi nzima wachezaji watakupa vifua, ubavu na vivuli. Nenda kuwaangalia wakati wanapasha misuli moto. Tazama rangi ya daluga, mikono mirefu au mifupi ya jezi, bandeji kwenye kifundo, nywele, na zaidi ya yote mwendo. Kila mchezaji ana namna yake ya kukimbia, na mwendo haubadiliki hata akibadili daluga wakati wa mapumziko. Weka alama ya pekee kwa wale wawili wanaofanana kwenye kila timu. Karibu kila timu ina jozi ya namna hiyo, mara nyingi viungo wenye kimo na unyoaji mmoja, na hapo ndipo makosa mengi ya majina hutokea.

Fika uwanjani saa tatu kabla ya mpira kuanza. Jambo la kwanza ni kiti: je, nguzo inaziba lango mojawapo? Je, jua la jioni litapiga skrini yako? Mwanga ukipiga skrini huoni marudio, na bila marudio wewe na mtazamaji mnatazama mechi mbili tofauti. Kipande cha boksi na gundi ya karatasi hutengeneza kivuli kizuri juu yake. Pili ni laini ya sauti, inayokwenda kwenye gari la matangazo na kurudi. Hakikisha unamsikia prodyuza, unamsikia mwongozaji ikiwa mpangilio unaruhusu, na ujue kitufe cha kukoholea kiko wapi. Kitufe hicho hukata maikrofoni yako kwa muda unaokibonyeza tu. Kipapase mpaka kidole kikijue bila kuangalia.

Sasa jaribio la sauti, ambalo wengi hulifanya kwa upole mno. Fundi sauti akikwambia ongea, usihesabu "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya mtu aliye ofisini. Mpe sauti yako ya kawaida ya mchezo, kisha mpe sauti ya bao, ile ya juu kabisa. Yeye hupanga mashine kwa kiwango utakachompa. Ukimpa cha chini, siku hiyo bao likifungwa sauti yako itaingia kwenye kizuizi cha mashine, itabanwa na kukwaruza, na kelele za mashabiki zitazama pamoja nayo. Fundi hana muda wa kulirekebisha katika sekunde ile, na rekodi ya bao hilo itabaki hivyo miaka yote.

Maikrofoni za kibandani ni za aina mbili kuu. Ipo inayoshikamana na hedifoni, ikiwa na mkono mdogo unaofika karibu na mdomo. Hii hukuachia mikono huru, lakini hukusanya kelele za jirani. Ya pili ni ya kushika mkononi, yenye kijifito kinachoegemezwa juu ya mdomo ili umbali usibadilike. Imetengenezwa ili isikie kilicho karibu sana na kuacha kelele za uwanja nyuma. Kasoro yake ni moja: ukisisimka ukaishusha kidogo, sauti hupotea. Bao linapofungwa mkono hutaka kwenda juu kushangilia. Tumia mkono usiotumia kuandikia, na kiwiko kikae mezani.

Mpira ukianza, macho yaende wapi? Watu wa kazi hii hawakubaliani. Wapo wanaotangaza skrini tu kwa hoja kwamba ndiyo picha ya mtazamaji. Kwangu njia iliyo bora ni macho uwanjani mpira unapochezwa, skrini ikiwa chini kidogo ya upeo wa jicho, na mara filimbi inapolia au mpira unapotoka, macho yanashuka kwenye skrini. Uwanjani unaona beki aliyejishika paja kabla kamera haijamwona, na unaona mshambuliaji anavyojitenga. Lakini mwongozaji akikata picha kwenda kwa kocha, usisimulie mbio zinazoendelea huku mtazamaji akiangalia uso wa kocha. Ama zungumzia kocha, ama nyamaza.

Marudio nayo yana historia yenye funzo. Tarehe 7 Desemba 1963, CBS ya Marekani ilirudisha picha ya mguso wa alama (touchdown, yaani bao la mpira wa Kimarekani) mara tu ulipotokea, katika mechi ya Jeshi la Nchi Kavu dhidi ya Jeshi la Maji. Lindsey Nelson, aliyekuwa anatangaza, ilimbidi awaeleze watazamaji kwamba hawaoni tukio jipya na kwamba Jeshi la Nchi Kavu halikufunga tena. Leo kila mtu anajua marudio ni nini, lakini hatari bado ipo: marudio yakirefuka na mpira ukawa umeanza, ni wewe wa kusema mpira umeshaanza na nani anao. Hiyo ndiyo nafasi adimu ambapo televisheni inageuka redio kwa sekunde chache, na mtangazaji asiyekumbuka maneno yake ya redio huadhirika.

Bao lina utaratibu. Kwanza mpira uko wavuni, useme hivyo. Kabla ya jina, jicho moja kwa mwamuzi msaidizi. Kama kibendera kimenyanyuka, umeokoka. Kama mpira umegonga miguu miwili mitatu, usitaje mfungaji. Taja timu, kisha subiri marudio ya kwanza, kwa sababu bao la kujifunga huonekana kama bao la kawaida kutoka juu kibandani. Tangu VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iingizwe kwenye sheria za mchezo mwaka 2018 mambo yameongezeka uzito. Waamuzi wasaidizi hukawiza kibendera hadi shambulio liishe, kwa hiyo kibendera kilicho chini hakithibitishi kitu. Bakiza pumzi. VAR huangalia hasa mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi kumwadhibu mchezaji asiye yeye. Mweleze mtazamaji ni lipi kati ya hayo linaangaliwa na picha inaonyesha nini, na usimtangulie mwamuzi kwa hukumu. Ukishasema "hili ni bao halali kabisa" halafu likafutwa, dakika kumi zinazofuata watu watakumbuka neno lako badala ya kutazama mchezo.

Ukikosea jina, lirekebishe hapo hapo kwa maneno matatu na uendelee. Maelezo marefu ya kwa nini ulikosea huchukua nafasi ya shambulio linalofuata.

Baada ya bao, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalotenganisha mkongwe na mgeni. Vin Scully alitangaza mechi za besiboli za Dodgers, timu ya Marekani, kwa misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016, na kazi zake zinazokumbukwa zaidi zimejaa ukimya. Tarehe 15 Oktoba 1988, Kirk Gibson, akiwa anachechemea, alipopiga mpira ukavuka uzio na kuipa Dodgers ushindi kwenye mechi ya kwanza ya fainali, Scully alitangaza kwamba mpira umekwenda, kisha akaacha uwanja ungurume kwa zaidi ya dakika moja bila neno. Picha na kelele zilikuwa zinafanya kazi yote. Ndipo akasema sentensi moja. Ukijizoeza, anza na sekunde nane. Hesabu kimoyomoyo huku mfungaji akikimbilia kibendera cha kona. Mara za mwanzo sekunde nane zitaonekana kama robo saa. Usizijaze.

Marudio ya kwanza ni ya mchambuzi. Mkubaliane kabla: mchezo unaoendelea ni wa mtangazaji, marudio ni ya mchambuzi, na mpira ukivuka mstari wa kati kuelekea langoni mchambuzi anakata sentensi hata kama haijaisha. Kwa kuwa hamwezi kuambiana hewani, tumieni mikono. Kiganja juu ya mkono wa mwenzako maana yake "ngoja". Kidole kilichoinuliwa maana yake "nina jambo". Kibanda ambacho watu wawili wanaongea kwa pamoja huwa kimekosa makubaliano haya, wala si kwamba hawaheshimiani. Na mchambuzi umuulize swali linalojibika kwa sekunde kumi: "Kwa nini kipa alibaki kwenye mstari?" Ukiuliza "Unaionaje mechi?" atakupa hotuba.

Wakati wote huo kuna sauti sikioni. Prodyuza anakwambia kuna mabadiliko, tangazo linakuja, takwimu iko tayari kwenye skrini, tunakwenda studio baada ya "kumi, tisa, nane…" Lazima uendelee kuongea bila kujibu wala kupunguza mwendo. Ujuzi huu haupatikani kwa kipaji. Keti nyumbani, vaa hedifoni yenye kipindi cha mazungumzo, soma gazeti kwa sauti, kisha andika yale uliyoyasikia kwenye kipindi. Kwa kuhesabu kurudi nyuma, chukua saa ya kusimamisha, chagua mada yoyote na umalize sentensi sawasawa ikifika sifuri, mara thelathini kwa wiki. Siri ni kuwa na sentensi fupi ya mwisho iliyo tayari mfukoni: matokeo, dakika, na nani anapokea.

Kuhusu matokeo, Red Barber, mtangazaji wa besiboli, aliweka mezani kipima muda cha mchanga cha dakika tatu ili kila mchanga ukiisha akumbuke kutaja matokeo. Kilikuwa chombo cha redio. Sky ya Uingereza ilipoanza kuonyesha matokeo na saa kwenye kona ya skrini mwaka 1992, mzigo huo ulipungua. Bado, yataje mara baada ya bao, kabla ya mapumziko, na mtazamaji mpya anapotarajiwa kujiunga baada ya matangazo ya biashara.

Kutangaza ukiwa studio, mechi ikichezwa nchi nyingine, kumeenea kwa sababu ni nafuu. Ubaya wake usifichwe. Huoni wachezaji wa akiba wakipasha moto, huoni mwamuzi akizungumza na nahodha, unaona tu kile mwongozaji wa huko alichochagua. Picha ikipita kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya dunia, hupotea kama robo sekunde kwa kila safari ya kupanda na kushuka, hivyo ukiwa na simu ya uwanjani sikioni na picha mbele yako, utasikia shangwe kabla au baada ya bao. Fuata chanzo kimoja tu, na kiwe picha. Weka orodha ya wachezaji wa akiba mbele yako, punguza uhakika wa majina picha ikiwa ya mbali, na usijifanye uko uwanjani. Usiseme "baridi kali hapa leo" ukiwa mbele ya kiyoyozi.

Siku ya balaa huja bila taarifa. Tarehe 5 Septemba 1972, wakati wa Olimpiki ya München, Jim McKay wa ABC alijikuta akitangaza utekaji wa wanamichezo wa Israeli kwa saa nyingi mfululizo. Usiku ule zilivuma habari kwamba mateka wameokolewa. Hazikuwa kweli. McKay ndiye aliyewaambia watazamaji, habari ilipothibitika, kwamba wote wamekufa. Tarehe 12 Juni 2021 huko Copenhagen, Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Utaratibu wa kibandani katika hali hiyo ni mkali. Sema unachokiona tu: ameanguka, madaktari wamefika, wenzake wamemzunguka. Usitaje ugonjwa. Usikisie hali yake. Usimnukuu mtu wa mtandaoni. Shusha sauti na acha nafasi ndefu kati ya sentensi. Mwombe prodyuza picha ya mbali. Kila neno lipime kwa swali moja: mama yake mchezaji yuko mbele ya televisheni muda huu, je, ningemwambia hivi? Kifo hutangazwa kikithibitishwa rasmi, hata kama chumba kizima kimeshaamini.

Sauti ni misuli, na huchoka. Maji ya kawaida, madogo madogo, kuanzia asubuhi, kwa sababu maji unayokunywa kibandani hayafiki kwenye nyuzi za sauti kwa wakati. Vuma kwa midomo iliyofungwa dakika tano kabla ya hewani. Panda sauti kwa pumzi ya tumboni, siyo kwa kukaza koo. Anayekaza koo huanza kukwaruza dakika ya sitini, na akiendelea hivyo miaka kadhaa huota vinundu kwenye nyuzi. Ukikwaruza siku mbili mfululizo, nyamaza kabisa. Kunong'ona si kupumzika, kwa watu wengi huzidi kuchosha koo.

Anayeanza aombe michezo midogo: vijana, wanawake, mpira wa wavu, riadha za shule. Huko hakuna takwimu za kutafuta, kwa hiyo utajifunza kuzitengeneza mwenyewe. Jirekodi ukiwa umezima sauti ya televisheni, sikiliza kesho yake ukiwa na karatasi, na uweke alama kila unaposema "kwa kweli", "bila shaka" na "hapa sasa". Kwenye sampuli unayopeleka kituoni weka bao moja, na weka dakika tatu ambazo hakuna kinachotokea. Bao kila mtu analimudu. Waajiri wenye uzoefu husikiliza zile dakika tatu.

Ujue pia kwamba kituo kikipoteza haki za ligi, mtangazaji wake hupoteza ligi hiyo siku hiyo hiyo, hata awe hodari vipi. Ndiyo maana wakongwe wengi wana mchezo wa pili na wanajua kuendesha kipindi cha studio. Kwa kawaida macho huanza kuchoka kabla ya sauti. Darubini ya mara nane husaidia kwa muda, na baadaye kupunguza safari husaidia zaidi, kama Scully alivyofanya miaka yake ya mwisho.

Mwisho wa mechi una hatari yake. Mwaka 2004 Ron Atkinson, mchambuzi wa ITV, alijiuzulu baada ya maneno ya kibaguzi aliyoyasema akidhani matangazo yamekwisha. Yalisikika kwenye nchi zilizokuwa bado zinapokea sauti. Maneno yale hayakustahili kusemwa popote, hewani au nje ya hewa. Kwa upande wa ufundi, kuagana na watazamaji hakufungi laini. Baki kimya, hedifoni kichwani, mpaka fundi akuite kwa jina na kusema laini imefungwa. Kisha vua, na uandike nyuma ya kadi majina uliyoyakosea kabla hujaikunja.